Wiki Tatu za Thaddeus Gaither

Mimi na Thaddeus Gaither tuligawa barua pamoja hapa Indianapolis kwa miaka ishirini na sita. Siku zake za mapumziko alizimalizia kwenye sebule za wajane, akiomba kuonyeshwa picha za wachezaji weusi wa besiboli, wale wa zamani waliocheza kwa kulipwa wakati timu za wazungu zilipokuwa haziwataki. Watu walidhani ni wazimu wa mpira. Mimi nilijua anamtafuta baba yake.

Baba huyo, Amos, alikuwa mmoja wao, mdakaji wa mipira nyuma ya mpigaji. Homa ilimuua safarini Texas mwaka 1923, timu ikamzika hukohuko. Thaddeus alikuwa na miezi minane. Baadaye nyumba yao iliungua, picha zote zikateketea. Aliyebaki anaikumbuka sura ile ni dada yake, Ozella, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule.

Kila picha aliyoipata alimpelekea. Ozella anaisogeza dirishani, anairudisha.

"Siye."

"Hebu tazama vizuri, dada."

"Nimetazama. Huyu masikio kama sahani. Kaa ule."

Miaka ikapita, sanduku la Thaddeus likajaa baba za watu wengine.

Mei 1966, mjane mmoja wa Terre Haute akampa picha ya timu yenyewe ya Amos. Wanaume kumi na mmoja, vifaa vyote vimelazwa nyasini hata mdakaji humjui ni yupi, hakuna jina hata moja nyuma.

"Mpelekee leo," nilimwambia.

"Bado wiki tatu tu ifike siku yake ya kuzaliwa. Wacha niisafishe, niitie fremu. Yule ndiye kanilea. Nataka aifungue mwenyewe."

Siku ya kumi na moja Ozella akapata kiharusi. Akili ilibaki, ulimi ulibaki. Macho hayakubaki.

Siku ya kuzaliwa nilikuwepo. Thaddeus alimwekea fremu mapajani.

"Nini hiki?"

"Timu ya baba."

Ozella akapapasa kioo polepole. "Umeipata lini?"

Angeweza kudanganya. "Mwezi uliopita."

"Nilikuwa bado naona."

"Ulikuwa unaona, dada."

Hakumgombeza. Alimwambia amsimulie mmoja mmoja, kuanzia kushoto. Huyu mrefu, huyu kakunja mikono, huyu ana sharubu. Kufika wa sita akanionyesha kwa kidole tu, nikaendelea mimi. Ozella alisikiliza mpaka wa mwisho.

"Watatu wanaweza kuwa yeye," akasema. "Au wanne. Basi, mdogo wangu. Yatosha."

Tulimzika Oktoba.

Thaddeus hakwenda tena kwa wajane. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini.

"Nitafute nini? Nishampata. Simjui tu."

Sanduku alilipa kanisa letu. Ile picha ya timu aliiweka kabatini, bado imo ndani ya fremu yake, na akina mama wa kanisani walipoiomba kwa ajili ya maonyesho aliwajibu haipo.