Nilivyomimina mafuta kwa calculator ya binti yangu wiki ya KCSE

Wakuu, poleni na jua.

Hii ni kweli tupu. Mke wangu yuko humu forum, nikidanganya atanianika.

Nina duka la chakula cha mifugo hapa Mwingi. Binti yangu Mwende alikuwa Form Four mwaka jana, day school. Anataka kuwa mwalimu wa maths, na course hiyo ilihitaji angalau C plus ya maths. Na hiyo maths ndiyo ilikuwa inamtoa jasho.

Mwaka mzima aliniomba kitu kimoja tu: nimshikie kitabu jioni akariri formula, akikosea nimwambie. Dakika ishirini. Nami namjibu, "Mungu atasaidia," kisha narudi kwa simu kusoma nyuzi zenu. Kwa hivyo nyinyi pia mna mkono katika hii.

Jumapili kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza Form Four, kanisani kwetu huwa kuna maombi ya candidates. Wazazi tunapeleka mbele kalamu, rula na calculator, mchungaji anapaka mafuta na kuomba. Sina ubaya na hayo.

Shida ni kwamba alipofika kwa vitu vya Mwende aligusa tu kifuniko cha calculator, tone moja, akapita. Nikaona mtoto wangu amepunjwa.

Nikafika nyumbani, nikatoa chupa jikoni, nikaomba mwenyewe na kumimina katikati ya namba. Nikapanguza, nikarudisha kwa begi. Wakuu, nilijisikia baba wa maana.

Kesho yake, paper one. Mwende alirudi macho mekundu.

"Baba, calculator iko na nini? Saba imekataa kabisa. Nimetumia mathematical tables mpaka time ikaisha. Nimewacha maswali mbili."

"Labda ni vumbi," nikasema.

Akainusa. "Baba. Hii ni mafuta ya chapati."

Mke wangu aliangua kicheko, kisha akanyamaza ghafla kwa sababu mtoto alikuwa analia. Niliona aibu.

Paper two ilikuwa imebakisha siku tatu. Nikaazima calculator kwa jirani, nikawa nafunga duka mapema, nikaketi na kitabu. Sikuelewa kitu. Sine na cosine kwangu ni majina ya ng'ombe. Lakini akikosea nilikuwa naona, maana alichosema hakikufanana na kilichoandikwa. Kazi aliyoniomba mwaka mzima ilikuwa hiyo tu.

Matokeo yakatoka: maths, C plus. Imepita ikigusa mlango. Nililia mbele ya wateja.

Jumapili mchungaji akaniita. "Baba Mwende, kuja utuambie vile mafuta imetenda!"

Nikashika mic, nikaanza kupamba. Mwende akasimama huko kwa choir, calculator mkononi; kumbe alijua nitapamba, akaibeba.

"Baba, waambie kwanza saba ilienda wapi."

Kanisa lote likavunjika mbavu. Nikatubu hapo hapo, mic ikiwa on.

Nilichojifunza: muombee mtoto, lakini muulize pia anataka umsaidie na nini, halafu ufanye hicho hicho.

Haya, nitukaneni, ila kila mmoja aseme na yeye aliharibu nini akidhani anasaidia. Nitasoma comments nikimaliza kumshikia kitabu mdogo wake Mwende, yuko Grade Nine.

Calculator yake ameificha.