Nilivyotetea thesis ya MBA nikiwa ndani ya arobaini, Hail

Asalaam aleikum wakuu, na habari zenu nyote. Nna kisa changu mwenyewe. Wahusika wangu bado wako hai na wengine wamo humu, kwa hivyo nikiongeza neno watanisuta.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nafanya kazi kampuni ya bima hapa Maskati. Nakaa mtaa wa Hail na mume wangu Said na mama yake, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja.

Skuli moja ya biashara ya Denmark ikaanza kuleta MBA kwa watu wa kazini. Walimu wanapanda ndege, wanatufundisha Alhamisi na Ijumaa (ndiyo ilikuwa wikiendi yetu enzi hizo) kwenye ukumbi wa kukodi mtaa wa Ghubra, kisha wanarudi kwao.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa Profesa Henrik, mrefu wa kuinama mlangoni. Siku ya kwanza hakufundisha, alitupa historia ya skuli.

Iliundwa na wafanyabiashara wa mji wa bandari, waliochoshwa na makarani wasioweza kuandika barua kwa mteja wa nchi nyengine. Masomo yalikuwa jioni, maduka yakishafungwa. Wanawake walitengewa darasa la kupiga taipu, na ilichukua muda mpaka wakakaa pamoja na wanaume. Baadaye ndiyo zikaja stashahada, digrii, MBA, mpaka hii yetu ya kufuatwa tulipo.

"Skuli hii ilizaliwa kwa ajili ya watu waliotoka kazini wamechoka," akasema.

Nikaipenda hapo hapo.

Sasa, mtihani wao wa mwisho ni wa mdomo. Unatetea thesis mbele ya mwalimu wako na mtahini wa nje. Halafu unatolewa chumbani, wanashauriana, unaitwa unapewa matokeo papo hapo.

Mimi nilikuwa mja mzito. Nilipanga mtihani utangulie, mtoto afuate. Mtoto hakukubali. Asya akazaliwa siku chache kabla.

Kwa Bi Zuwena, mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Na mtahini keshatoka Denmark, nikimkosa nangoja mwakani.

Nililia wakuu. Nikamwambia Said ampigie Henrik, amwambie najitoa.

Bi Zuwena alikuwa ananikanda maji moto. Akauliza, "Hao walimu wako wagonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Miguu wanayo?"

"Wanayo."

"Basi wewe hutoki. Waje wao."

Said akapiga simu huku anaona haya. Henrik akamuuliza mtahini, kisha akarudi na swali moja tu: wavue viatu mlangoni?

Wakaja. Mtahini alikuwa mama wa makamo, Karen, uso mkavu. Tukakaa majlisi, chumba cha wageni, mimi nimejifunika shali. Thesis yangu ilihusu maduka ya familia yanavyorithishwa.

Karen akauliza, "Mwenye duka akifa, nani anawajua wateja?"

Kabla sijajibu, Asya akalia chumba cha pili. Maziwa yakanitoka.

Karen akaweka kalamu chini. "Kamnyonyeshe. Sisi tuna kahawa na halua."

Niliporudi nilijibu kwa utulivu ambao sikuwa nao mwanzo. Nikasema ni mke wa marehemu, na ndiye asiyeulizwa.

Ikafika saa ya kutolewa chumbani. Bi Zuwena akasimama mlangoni. "Mzazi hatolewi nje. Watoke wao."

Nikatafsiri nikitamani ardhi inimeze. Maprofesa wakatoka uani bila ubishi, wakanijadili katikati ya nepi zilizoanikwa.

Waliporudi, Henrik alisema nimefaulu, tena vizuri sana. Bi Zuwena hakungoja tafsiri. Alinitazama usoni tu, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna harusi.

Karen, yule mwenye uso mkavu, akaomba ampakate Asya. Akawa anamwimbia kwa lugha yao, na Bi Zuwena anaitikia kwa Kiswahili.

Nilichojifunza: nilikuwa nishajikatalia mwenyewe, na skuli haijanikatalia. Uliza kwanza. Kuna watu wako tayari kuvua viatu wakufuate.

Haya, mliosoma na watoto wachanga, nani alikushikieni mtoto? Mtajeni hapa, tuwaombee dua.