Pale Mwimbaji wa Brazili Anaponyamaza

Wimbo wa bibi mmoja mwimbaji wa Brazili, aliyeanza kuimba kwenye baa akiwa msichana, niliujifunza peke yangu chumbani, mtaani Sparkhill huku ughaibuni, kwa video moja ya tamasha. Niliiga hata pumzi zake. Siku hizi, katikati ya wimbo yeye hunyamaza tu, na mashabiki humwimbia ubeti mzima. Kelele zao sikuzielewa, nikauacha ubeti huo.

Kwenye harusi ya binamu yangu niliuimba wimbo huo, na nilipofika hapo nikanyamaza kama yeye. Ukumbi nao ukanyamaza.

"Umesahau, mwanangu?" shangazi akaita. "Tuimbie basi hata taarab!"

Watu wakacheka. Niliogopa kusema kwamba ubeti huo sikuwahi kuujua. Nikaanza wimbo upya, huku ubeti ule ukizidi kukaribia.