Ngome ya Mwisho ya Kula Kwanza

Watu wa soko la La Paz, hapa mjini Iloilo, mbali kusini mwa Manila, wakimtaja Manang Vening, yaani dada mkubwa Vening, husema, "Yule mwenye batchoy nzuri." Sawa, batchoy yake ni nzuri, supu imekolea uboho, na tambi zake haziwi uji. Lakini kumsifu kwa supu peke yake ni kumpunja, nami nikisikia hivyo hukasirika mpaka kisu kinanicheza mkononi. Ninauza nyama ya nguruwe, kwa hiyo kisu ninacho daima. Yule mama aliwahi kuongoza jeshi. Aliteka ngome. Kama hulijui hilo, humjui.

Jina lake la ubatizo ni Venerada Jalbuena. Kaka yake alikuwa baharia. Alifungua chumba cha kompyuta nyuma ya soko, kisha meli ikamwita, akamwachia dada yake funguo na kuahidi kurudi baada ya mkataba mmoja. Ahadi za mabaharia hizo! Alikwenda kuoa Cebu na hatukumwona tena. Vening, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, akabaki na chumba kilichojaa mashine na wavulana wa shule wanaotukana kwa sauti. Mmoja wao nilikuwa mimi, Nelbert.

Tulikuwa tukicheza Arkanya. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa mapanga na uchawi. Unajitengenezea mtu wako, unazunguka naye katika nchi ya kubuni pamoja na wachezaji wengine chungu nzima, na kila Jumapili alasiri vyama vya wachezaji vinapigania ngome moja iliyo juu ya kilima. Ndani ya ngome kulikuwa na jiwe. Kiongozi wa chama, yeye tu na si mwingine, akiliwekea mkono jiwe lile, jina la chama chake huandikwa juu ya lango, na huko hukaa mpaka wengine waje kulinyang'anya.

Manang Vening aliingia mchezoni ili ajue tunatukaniana nini. Alijitengenezea mganga mfupi mwenye kofia, kazi yake kuponya wenzake. Siku ya kwanza tulicheka mpaka tukalia, kwa sababu kila akifika kwenye msitu wa mchezo alisimama, akawaomba radhi wasioonekana, kama tunavyofanya sote tukipita penye vichaka vyenye wenyewe.

"Manang, humo hamna majini, ni picha tu!" nilimwambia.

"Umekwenda kuhakikisha?" alinijibu. "Basi nyamaza. Adabu haimgharimu mtu kitu."

Haukupita muda akawa kiongozi wetu. Hakuwa mpiganaji hodari, Mungu ni shahidi. Lakini ndiye pekee aliyeweza kutuamua tukigombana, na ndiye aliyekuwa na sufuria. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kwenda vitani na tumbo tupu. Jumapili, kabla ya vita, kila mtu alipata bakuli lake, na walio mbali walipaswa kuandika wamekula nini. Ndiyo maana chama chetu kikaitwa Kula Kwanza. Tukakifungulia ukurasa mtandaoni, wakaja watu wa Bacolod, wa Roxas, wa Guimaras, na baadaye Wailonggo, watu wa kwetu, walioko ughaibuni waliokuwa na kiu ya kusikia lugha yao. Nusu ya mazungumzo yalikuwa mbinu za vita, nusu yalikuwa mapishi, uchumba na umbea. Glydel, binti mkali wa mishale, alimpata mumewe mle, na Manang Vening akawa msimamizi wa ndoa yao. Kimbunga kilipoezua paa za Roxas, kabla redio haijasema neno, ukurasa wetu ulikuwa umeshapanga nani akalale kwa nani. Zilikuwa siku tamu zile. Sijawahi kuwa na watu wengi hivyo wa kuniuliza kama nimekula.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho, nacho ni ngome.

Ngome ilikuwa ya Radi Nyeusi, chama cha vijana wa Manila wenye mashine za kisasa na midomo mirefu kuliko mapanga yao. Kiongozi wao aliitwa Renzo. Jumapili moja, kwa bahati ambayo sitaieleza kwa sababu hata mimi siielewi, tulivunja lango lao. Tukawamaliza walinzi. Akabaki Renzo peke yake, ameegemea jiwe, hana hata dawa. Manang Vening alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Ndipo Renzo akaandika: "Mama, sijala tangu asubuhi. Kichwa kinazunguka."

Nikaona mganga mwenye kofia amesimama.

"Kwa nini hujala, mwanangu?" akaandika.

"Manang, gusa jiwe!" nikapiga kelele, maana nilikuwa kiti cha pili kutoka chake. "Gusa! Anakudanganya!"

"Ana njaa, Toto," akasema; ndivyo anavyoita kila mvulana.

"Ana njaa ya kichwa chako! Gusa!"

Hakugusa. Aliamuru jeshi zima lirudi nyuma, akamwandikia Renzo: "Nenda ukale. Tunakusubiri." Na sisi, wajinga wa Mungu, tukasubiri. Glydel akamwelekeza hata namna ya kukaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu. Wali haujapata moto, Radi Nyeusi wote wakawa wamefufuka na kurudi mlangoni, maana mchezoni aliyeuawa hufufuka baada ya muda. Walitufagia mle ndani.

Aibu ile ilienea Arkanya yote. Miaka na miaka, tukipita mahali, watu walituuliza, "Vipi, Kula Kwanza, tuwasubiri mle kwanza?" Nilikuwa nawaka. Nilimwambia Manang Vening kwamba ni mtu wa Iloilo tu anayeweza kupoteza vita kwa ukarimu.

"Mtu akikuambia ana njaa, unampiga?" aliuliza. "Ndivyo mama yako alivyokulea?"

Mama yangu alikuwa ananunua supu pale pale.

Baada ya hapo tulianza kupungua, na hakuna aliyetufukuza. Simu zikaleta michezo mipya ambayo unacheza ukiwa chooni. Glydel akaenda kuwa muuguzi Riyadh. Wengine wakapanda meli, wengine wakapata watoto, na mtoto mchanga hajui Jumapili ya vita ni nini. Ukurasa ukabaki wa kutakiana heri za siku ya kuzaliwa. Manang Vening alifunga chumba cha kompyuta, akabakiza mashine moja nyuma ya sufuria. Kila Jumapili aliiwasha. Nilimkuta siku moja mganga wake ameketi chini ya ukuta wa ngome, peke yake, mvua ya mchezo inamnyea. Iliniuma sana kumwona vile.

"Unafanya nini hapo, Manang?"

"Nawangoja. Pengine mmoja atapita."

Kisha kampuni ikatangaza kwamba inaifunga Arkanya. Nchi nzima itazimwa, na kabla ya kuzimwa kutakuwa na Jumapili moja ya mwisho ya vita. Asubuhi ya tangazo lile Manang Vening alikuja kwenye meza yangu ya nyama, mikono imejaa unga. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya mifupa ya supu.

"Toto," akasema, "naitaka ile ngome."

"Manang, tuko wangapi? Mimi na wewe na Glydel?"

"Naitaka kabla haijazimwa. Nataka nione jina letu pale juu. Siombi kingine."

Nikaandika kila nilikojua. Glydel akabadilishana zamu hospitalini. Mumewe akaingia. Baharia mmoja aliyekuwa bandarini Rotterdam akaahidi kutoshuka kwenda kunywa, na kwa baharia hiyo ni sadaka kubwa. Hata hivyo tulikuwa watu wa kuhesabika, na Renzo alikuwa ametangaza kwamba Radi Nyeusi wote wanarudi kulinda ngome yao mpaka taa zizimwe.

Hapo ndipo wageni walipoanza kubisha hodi. Walikuwa wachezaji wa zamani ambao vyama vyao vilikufa kitambo, nao wanataka kuiaga Arkanya, na bila chama huruhusiwi kupanda kilima siku ya vita. Wangeweza kwenda popote. Walikuja kwetu. Mmoja wa Davao aliandika, "Ninyi si wale mliomsubiri adui ale? Nataka kufia kwenu." Mwingine akaandika yaleyale, na mwingine. Upuuzi uliotutia aibu ndio uliokuwa umebaki vichwani mwa watu.

Mimi sikuwaamini.

"Manang, humu mna wapelelezi wa Renzo. Tuwachuje."

"Wameshakula?"

"Nakuambia wapelelezi, wewe unauliza chakula!"

"Mpelelezi naye ana tumbo. Fungua mlango, waingie."

Jumapili ikafika. Nilifunga meza mapema nikaketi kando yake na kompyuta yangu ndogo. Wageni walijaa chini ya kilima, kila mmoja akitaja alichokula: samaki mkavu, ibos, ule wali wa kunata wa kufungwa majani, mkate na kahawa. Manang Vening alisoma yote huku akitikisa kichwa kwa waliokula vibaya. Kisha akaandika, "Haya, wanangu. Twendeni."

Sitatia chumvi. Tulipigwa vibaya langoni. Tuliporomoka, tukafufuka, tukapanda tena. Glydel alirusha mishale kama anayemwaga mchele. Yule wa Davao na wageni wenzake walililalia lango mpaka likapasuka kwa uzito wao tu. Tukaingia uani. Mganga mwenye kofia alikuwa anakimbia katikati yetu, anaponya kulia na kushoto, na jiwe tukaliona.

Umeme ukakatika.

La Paz nzima ikanyamaza. Skrini ya Manang Vening ikawa nyeusi. Kompyuta yangu ina betri na intaneti ya simu, kwa hiyo niliona kilichobaki: mtu wake amesimama uani kama gogo, hasogei, na Radi Nyeusi wanamjia.

"Nipe yako nitumie!" akasema.

"Yangu haiwezi kubeba watu wawili, Manang, nikitoka tu na mimi nimekwisha!" Sikuwa na hakika na hilo, nilichanganyikiwa. Kisha nikakumbuka friji za nyama. "Jenereta! Sokoni kuna jenereta!"

Nikatoka mlangoni nikawaita wauza nyama wenzangu kwa majina yasiyoandikika. Wakaja mbio wakidhani mtu amechomwa kisu.

"Nani kafa?" akauliza Tyo Bading, mzee wetu wa meza ya vichwa vya nguruwe.

"Hajafa bado! Beba hiyo mashine!"

Wakabeba. Wanaume wenye aproni za damu walikatiza soko na kompyuta, skrini na nyaya zikiburuta, Manang Vening nyuma yao amekumbatia kibodi kama mtoto. Tukaiweka mezani kwangu, kati ya mbavu na miguu. Tyo Bading akachomoa friji ya soseji zake, hajaombwa, akachomeka mashine yetu. Intaneti tukaivuta kwenye simu yangu. Ile mashine kongwe ikaanza kuwaka taratibu, na mimi nikailaani, nikaiomba msamaha, nikailaani tena.

Ikafunguka. Nilitarajia kumkuta mganga amelala chini. Alikuwa amesimama palepale. Pande zote wamemzunguka wale wageni niliowaita wapelelezi, bega kwa bega, wanakufa mmoja mmoja, na kila anayeanguka mwingine anaziba nafasi yake. Hakuna hata mmoja aliyemsaliti. Macho yakanijaa machozi, na sioni haya kusema.

"Manang amerudi!" akaandika Glydel. "Mfungulieni njia!"

Wakafungua njia. Renzo alikuwa mbele ya jiwe. Hakuandika neno safari hii, alinyanyua panga tu. Yule wa Davao akamrukia, wakaanguka wote wawili.

"Nenda, Manang!" nikasema.

"Nenda, mama!" akafoka Tyo Bading, ambaye hakujua mchezo ni nini wala anamshangilia nani.

Mganga mwenye kofia akatembea mpaka kwenye jiwe, akainama kidogo, akaliwekea mkono.

Baragumu likalia. Juu ya lango, kwa herufi za dhahabu, pakaandikwa KULA KWANZA. Soko lote lililipuka kwa kelele. Watu walipiga mapanga yao kwenye mbao za kukatia nyama, muuza samaki akawa anacheza peke yake, na Glydel alinipigia simu kutoka Riyadh akawa analia tu, haongei. Manang Vening alikuwa akisoma maandishi yale kwa sauti, akimaliza anaanza tena.

Renzo aliandika mwisho kabisa. "Mama, ile siku sikuwa na njaa. Nilikudanganya."

"Nilijua, mwanangu," akamjibu.

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua labda. Na kama angekuwa na njaa kweli, Toto?"

Siku ya kuzimwa ilikuwa siku ya kazi, asubuhi, wateja wamejaa. Tulisimama wawili nyuma ya sufuria. Ndani ya Arkanya, chama chote kiliketi chini ya lango kinaagana. Saa ilipofika, picha ikaganda, kisha skrini ikatuandikia kwamba hakuna muunganisho. Ukurasa wetu nao ulikwisha hivyo. Watu walisema tutafute mchezo mwingine, na hakuna aliyetafuta. Nilimtazama Manang Vening nikidhani nitahitaji kumfariji. Nilikuwa hata nimeandaa maneno.

Alikuwa akitabasamu na kujifuta mikono.

"Basi," akasema. "Hakuna tena wa kutunyang'anya."