Ameniletea Isale Kabla Sijajua Kosa Lake

Wasomaji wenzangu, jina langu lifichwe kabisa, maana Moshi ni ndogo na kwetu Old Moshi ndiyo ndogo zaidi. Nina miaka kumi na nane, niko kidato cha tano. Sina kawaida ya kumfikiria mtu vibaya, lakini siku hizi namchunguza dada yangu kama askari, na inaniuma.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Tumekulia kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo lenye nyumba zetu, na mwalimu wa fizikia ametuchagua sisi wawili kwenda kushindana na shule nyingine maswali ya elimu ya nyota. Mmoja akijitoa, shule imetoka. Mada ngumu ni maisha ya nyota: inazaliwaje, inazeekaje, inakufaje. Kila jioni tukishakata majani ya ng'ombe tunakaa jikoni kuulizana.

Swali lililonisumbua ni kwa nini nyota kubwa, yenye haidrojeni tele ya kuchoma, hufa mapema kuliko ndogo. Nikajitungia mfano: kubwa ni moto wa kuchemshia ndizi za mbege, pombe yetu ya harusi, lundo la kuni linateketea asubuhi hiyo hiyo; ndogo ni moto wa mama wa kupikia kiburu, ndizi na maharage, vijiti vichache vinafika jioni. Dada alicheka mpaka akafuta machozi. Sikumwambia mtu mwingine, hata mwalimu.

Wiki iliyopita tulifanya mazoezi na shule moja ya mjini. Kijana wao mmoja, wa Chekereni huko kwenye mpunga, akasimama akajibu swali lile kwa mbege yangu na kiburu changu, neno kwa neno. Nikamtazama dada. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilipomuuliza njiani alisema mifano hufanana, kila mtu ameona moto. Haya. Mbona tangu siku hiyo hataki tena tuulizane? Mbona Jumamosi aliaga anakwenda Njoro kwa shangazi, na jioni shangazi huyo huyo akaja kwetu kulalamika kwamba tumemsahau? Nimeanza hata kuwaza kwamba siku ya shindano atakosea makusudi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndicho ninachowaza.

Jumapili baada ya misa akaja na mama mkubwa, ameshika jani la isale. Asiye Mchagga aelewe: ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kuikataa si jambo la mchezo. Ukishaipokea, yamekwisha, huyafufui tena. Nikampa mama mkubwa shikamoo yake, mikono nikaiweka nyuma, nikamuuliza dada amenikosea nini.

"Pokea kwanza," akasema. "Ukishapokea nitakwambia."

Mama mkubwa mwenyewe hajui kosa. Anadhani ni ugomvi wa wasichana. Mama yangu akaninong'oneza nipokee, nisimtie aibu mama mkubwa. Nikaomba nifikirie. Mama akashika kichwa, maana isale haifikiriwi. Dada na mama mkubwa wakaondoka nayo, watarudi Ijumaa, na Jumamosi ndiyo shindano.

Kama ni mfano tu, mbona nimeshasamehe zamani. Lakini dada ananijua kuliko mtu yeyote, na anajua kwamba nikisikia kwanza, sitapokea. Jamani, semeni nami kabla ya Ijumaa: ninyooshe mkono, au niuache hapo hapo nyuma?