Mke Mwenza wa Bibi Anakwenda Kusomea Udaktari

Simu ilinikuta njiani, naelekea Mute, nyuma nimempakia mzee mmoja na kuku wake wawili. Nikasimama pembeni. Alikuwa mdogo wangu wa kike.

"Kaka, jina langu limetoka."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye orodha. Udaktari. Nampula." Halafu nikamsikia anahema kama mtu aliyekuja mbio kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu.

Kilichofuata sikijui vizuri. Nilipopata akili nilikuwa nimeshageuza pikipiki, nusu ya njia ya kurudi Palma nimeshaimaliza, na mzee ananigonga begani. "Kijana, Mute imehama?"

"Mzee wangu, nisamehe. Mdogo wangu anakwenda kuwa daktari."

"Mwenyezi Mungu amjalie," akasema. "Sasa nipeleke Mute, mimi siumwi."

Mimi shule niliishia klasi ya saba. Mwalimu wangu wa mwisho alisema akili ninazo nyingi ila zote zimekaa mdomoni. Mdogo wangu zake zilikaa mahali pake. Hata tulipokimbilia Pemba miaka ile ya vurugu, sisi tulibeba masufuria na mikeka, yeye akabeba madaftari, na huko huko ugenini akamaliza klasi ya kumi na mbili. Tuliporudi, nusu ya sufuria zimepotea, madaftari yote yapo.

Aliyetulea ni bibi, mama yake mama. Kwetu bibi na wajukuu ni watani, unasema unalotaka na hakuna wa kununa. Mimi ananiita mume wangu. Mdogo wangu ni mke mwenza, eti wote wawili wameolewa na marehemu babu. Uji ukishika chini utamsikia: "Mke mwenzangu huyu marehemu alimchagua kwa sura tu." Lakini utani ni utani, na neno la bibi ni neno. Hata mjomba wetu wa Mute, mtu mzima na ndevu zake, hauzi shamba kabla hajaja kumuuliza.

Basi nikamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwaga habari yote kwa pumzi moja: mke mwenzio, Nampula, udaktari, miaka sita, na wiki hii hii anatakiwa akajiandikishe.

Mkono ukasimama.

"Haendi," akasema. Akaendelea kukuna.

"Mimi kama mume wako naamuru aende."

"Mume asiyenunua hata kanga hana amri." Akacheka, meno yake matatu yote nikayaona. Kisha kicheko kikaisha kama hakikuwahi kuwepo. "Haendi. Msichana hajaolewa, miaka sita, mji wa watu. Haendi."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, orodha bado imefunguka. Akaenda kuchota maji, na ndani maji yalikuwepo.

Mimi nilijua kwa nini anautaka huo udaktari, kwa sababu kisa kilianza na ujinga wangu.

Kabla ya zile vurugu bibi aliumwa, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana wa kusini huko, mtu mzuri, ila anajua Kireno tu, na bibi Kireno chake kinaanzia salamu ya bom dia na kuishia hapo hapo. Nikaingia mimi kutafsiri. Nilijiona mkubwa sana. Daktari anauliza, nampa bibi, bibi ananiangalia mimi, anaangalia chini, anasema, "Mwambie goti." Kuna kingine? "Goti tu." Tukapewa dawa za goti, bibi akazimeza kwa adabu mwezi mzima, na kila siku anazidi kupinda mgongo. Goti lenyewe halikuwa na tatizo lolote. Lile goti lingeweza kucheza mpira.

Mimi ni mtani wake, mume wake wa kila siku, lakini ni mwanamume. Hilo sikulifikiria.

Safari ya pili aliingia mdogo wangu, ana miaka kumi na sita. Akamwomba daktari ageuke kidogo aangalie dirishani. Ndipo bibi akasema. Kizazi kilikuwa kimeshuka, tangu alipomzaa mjomba wa Mute, na miaka yote ile akilima, akitwanga, akibeba kuni, alikuwa akitembea nacho. Akafanyiwa upasuaji Pemba, akarudi ananyoosha mgongo, anaonekana mrefu kuliko tulivyomzoea. Haya naandika kwa ruhusa yake. Alisema, "Waambie, labda yuko mwingine anameza dawa za goti."

Walikuwepo wengi. Habari ilipotembea, wanawake wakaanza kumfuata mdogo wangu: wa mtaani, wa vijiji vya ghuba ya Tungue, mabibi, mabibi harusi. Wanakuja alfajiri wanasema wamepita kusalimia. Anafunga ushungi, anaongozana nao, anaingia nao kwa daktari. Mimi namtania, "Senhora doutora, leo umetibu wangapi?" Siku moja hakucheka.

"Sijatibu mtu, kaka. Mimi nabeba maneno tu. Daktari akinijibu kitu nisichokielewa, namwambia mama wa watu 'utapona'. Sijui kama atapona. Nimemdanganya au sikumdanganya, sijui."

Tangu siku ile nikaona anasoma kama mtu anayefukuzwa.

Na alikuwa na mipango yake. Akirudi anataka chumba chenye pazia zito na mlango unaofungwa kwa ndani, na mwanamke aulizwe peke yake, kwa lugha yake. Nikamwambia ukirudi utavaa miwani, utatusalimia kwa Kireno na utanipa miadi ya wiki ijayo. Akasema, "Wewe nitakudunga sindano hata ukija kunikopa chumvi."

Sasa siku tatu zimepita, bibi hajabadilika, mjomba amekuja na kuondoka, naye amesema asemalo mama ndilo. Mimi nimemaliza mizaha yote niliyonayo na kuazima mingine kijiweni. Siku ya nne asubuhi mdogo wangu akakaa mkekani, miguu akaikunja, akasema taratibu:

"Bibi, sikuombi niende. Nakuuliza tu unaogopa nini."

"Nimeshasema. Hujaolewa."

"Kweli hicho?"

Bibi alivuta upande wa kanga, akaukunja, akaukunjua. Sijawahi kumwona anatafuta maneno, siku zote yanamngoja yeye.

"Nikiumwa," akasema, "nitaingia na nani?"

Mimi nilikuwa na jibu tayari la kuchekesha. Nikalimeza.

"Sijui, bibi," mdogo wangu akasema. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Mimi nikikaa, nitaingia na wewe. Na wale wengine. Nitabeba maneno mpaka nizeeke."

Nje jirani anatwanga. Bibi akamtazama mjukuu wake muda mrefu, halafu akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyeleta shida yote.

"Ile aibu yangu niliibeba tangu nimzae mjomba wenu," akasema, "na hapakuwa na mtu hata mmoja ninayemngoja. Sasa nina mtu wa kumngoja. Miaka sita itanishinda nini?" Akamwekea mkono kichwani. "Nenda, mke mwenzangu. Radhi yangu unayo. Ukiolewa huko, aolewaye haachi daftari."

Nilitaka kurukaruka na nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boriti. Bibi akasema mgonjwa wa kwanza ameshapatikana. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Lete kalamu. Yako mambo wanawake wa hapa hawajapata wa kumuuliza. Ukawaulize hao walimu wako." Akanigeukia: "Mume, toka nje. Haya si yako."

Nikatoka. Nikakaa barazani kwa uvimbe wangu, nasikia minong'ono, mara kicheko, mara kimya kirefu, mara bibi anasema, "Hilo lipigie mstari." Jirani akaacha kutwanga, akaingia naye. Akaja na wa nyumba ya tatu.

Mchana mdogo wangu akatoka, vidole vina wino, kurasa tano zimejaa mpaka pembeni. Macho yanang'aa hayo.

"Kaka," akasema, "miaka sita haitatosha."