Pingili Arobaini za Mzabibu wa Baba

Dada yangu Emiliana hajawahi kushindwa na mche, na anayesema hivyo ni mimi mdogo wake, Optatus, ambaye sina kawaida ya kumsifu. Shule aliishia darasa la saba, lakini hapa Mpunguzi hakuna mkulima wa zabibu asiyemfahamu. Miaka thelathini na ushee amepogolea mashamba ya watu, kanga kiunoni, mkasi mkononi, na mdomo haupumziki. Ukikata ovyo atakusema hapohapo, hata kama shamba ni lako.

Katika mizabibu yote aliyoishika, aliupenda zaidi ule wa uani kwa baba yetu, mzee Matonya. Hapo ndipo baba alipomfundisha kazi. Baba akafariki, mzabibu ukaendelea kuzaa. Halafu ikaja habari ya kupanua barabara, tukaambiwa nyumba na vya uani vyote viondoke. Wiki hiyo Emiliana alikuwa amelazwa, kifua kimembana, kwa hiyo kukata pingili za kupanda kukaniangukia mimi. Nikakata arobaini, nikazifunga kwenye gunia bichi, nikampelekea siku aliyotoka hospitali. Kesho yake greda likapita, shina la baba likaenda na kifusi. Zikabaki zile pingili tu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mimi naishi Bahi, ni mtu wa majaruba ya mpunga. Kijiti ninachokijua ni cha uzio, nacho huchongwa mshazari upande wa chini ili kizame ardhini. Nikakata hivyohivyo. Kumbe dada yangu, kama alivyofundishwa na baba, mshazari huuweka juu na chini hukata sawa, ili mpandaji asichanganye. Basi Emiliana, bado anakohoa, akatazama ncha tu, akachomeka zote arobaini kwenye viriba vya udongo, kichwa chini miguu juu. Akazifunika kwa majani na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, kwa jua letu hili lisilo na huruma.

Wiki tatu zikapita, kimya. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi kando ya kitalu, mkono shavuni, hasemi neno. Emiliana kunyamaza! Niliogopa kuliko alipolazwa. Akaniambia taratibu kwamba amemzika baba mara ya pili.

Binti yake Ruthu, mwalimu wa baiolojia, alikuwapo. Akafunua majani, akachomoa pingili moja, akampa mama yake. Emiliana akaigeuzageuza. Jicho la kuchipulia lilikuwa limetazama chini. Na kule juu, chini ya yale majani yaliyolowa, kwenye ile ncha ya mshazari, palikuwa na kivimbe cheupe kama uji ulioganda.

Akaniangalia. "Optatus, hizi ulizikata au ulizichonga?"

Ruthu ndiye aliyeniokoa. Alituambia kila seli ya mzabibu inabeba maelezo ya mzabibu mzima, ila kila moja inafanya kazi ya mahali ilipo: hii inapitisha maji, ile inatengeneza chakula kwenye jani. Pingili ikikatwa, seli za karibu na jeraha zinaacha kazi ya zamani, zinagawanyika na kufanya kivimbe kama kile, kisha nyingine zinaanza kazi ya mizizi. Na zinajua upande wa chini ni upi, hata ukizisimamisha kichwa chini. Nikauliza kama nikikatwa kidole kitaota Optatus mwingine. Ruthu akasema kwa sisi wanyama seli ya ngozi ikishakuwa ya ngozi haibadiliki kirahisi hivyo. Emiliana akasema Mungu ana akili sana, mmoja ametosha.

Hapo nikajua amepona.

Siku ileile tulizigeuza zote, polepole, vile vivimbe visivunjike. Ishirini na tisa zilikauka. Kumi na moja zikatoa mizizi, kisha majani, na leo zimetambaa kwenye waya shambani kwake. Msimu uliopita zilizaa. Aliweka tunda moja mdomoni, akafumba macho, kisha akasema, "Ni ya baba." Nililia, wala sioni haya kulisema.

Mwaka huu amekata pingili mwenyewe, akaotesha, akaniletea mche mmoja mpaka Bahi. Kileleni ameufunga uzi mwekundu. Nikamuuliza wa nini.

"Ujue juu ni wapi."

Nilikasirika, jamani, mtu mzima na wajukuu wangu wananitazama. Mche umeshashika sasa, una majani tisa. Uzi ule sijaufungua.